Imebadilika au imebadilishwa? Kauli za kitenzi katika lugha ya kufuatilia setilaiti

Kufuatilia setilaiti ni kutazama, kusikiliza na kupima mwendo wa vyombo vinavyoizunguka dunia, ili kujua kila kimoja kinapita njia gani, kitapita wapi kesho, na kama njia hiyo ni ileile iliyopimwa jana. Kazi hii hufanywa na majeshi na mashirika ya anga. Hata hivyo, tangu Sputnik 1 iliporushwa tarehe 4 Oktoba 1957, imefanywa pia na watu wa ridhaa: walimu, mafundi, wastaafu na wanafunzi wenye darubini za macho mawili, kamera, redio na saa zinazokwenda sawasawa.

Taarifa za watu hao hutufikia katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri, na mfasiri hukabiliwa na uamuzi ambao lugha ya asili ya habari huenda haikumlazimisha aufanye. Je, aandike kwamba obiti *imebadilika* au *imebadilishwa*? Chombo *kimeshuka* au *kimeshushwa*? *Kimeanguka*, *kimeangushwa* au *kimetunguliwa*? Makala haya yanaonyesha kuwa viambishi hivyo vidogo ndivyo vinavyobeba swali kuu la kazi nzima ya ufuatiliaji: je, kilichotokea kimetokea chenyewe, au kuna mtu aliyekitenda?

1. Nomino za msingi

Setilaiti (ngeli ya I-ZI). Tahajia *satelaiti* na *setelaiti* zinapatikana pia katika maandishi. Makala haya yanatumia *setilaiti*. Jina maalumu la chombo hufuata upatanisho wa nomino *setilaiti*, wala si wa neno lililotumiwa kuunda jina hilo. Mfano bora unatoka pwani yetu wenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Tunasema *uhuru ulipatikana* lakini *Uhuru ilirushwa*; *uhuru ulidumu* lakini *Uhuru iliungua angani mwaka 1979*. Panapokuwa na hatari ya utata, nomino ya ngeli itajwe: *setilaiti ya Uhuru*.

Obiti, mzingo, mzunguko. *Obiti* (I-ZI) ni umbo la njia ambayo chombo huifuata. *Mzunguko* (U-I) ni tendo la kuimaliza njia hiyo mara moja; kwa hiyo setilaiti ina obiti moja, lakini hufanya mizunguko kumi na mitano hivi kwa siku ikiwa iko chini. *Mzingo* limetumika pia kwa maana ya obiti, na ni neno zuri lenye asili ya lugha yenyewe. Shida yake ni kwamba mwanafunzi amekwisha kulijifunza katika hisabati kuwa ni urefu wa ukingo wa umbo. Mtu anayesema *mzingo wa setilaiti umeongezeka* huenda akaeleweka kuwa anataja urefu wa njia, ilhali alikusudia kusema njia imeinuka. Katika maandishi ya vipimo, *obiti* linaepusha utata huo.

Mwinamo. Hii ni pembe kati ya obiti na ikweta, nayo hupimwa kwa nyuzi. Obiti iliyo sambamba na ikweta ina mwinamo wa nyuzi 0. Inayopita juu ya ncha za dunia ina mwinamo wa nyuzi 90. Uhuru, kwa kuwa ilirushwa karibu sana na ikweta, ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 3 hivi. Hiyo ndiyo sababu ya kuichagua pwani ya Malindi.

Mfuatiliaji wa ridhaa. Wanamichezo wametutangulia: *ngumi za ridhaa* ni zile zinazochezwa bila malipo ya kazi. Neno *ridhaa* linafaa hapa kwa sababu linataja hiari na si upungufu wa ujuzi. Lisibadilishwe na *mwanagenzi* wala *anayejifunza*, kwani wengi wa watu hawa ni mabingwa wa hesabu za obiti. *Mpelelezi* nalo halifai. Anayetazama anga iliyo wazi juu ya paa la nyumba yake *anafuatilia*. Hapelelezi, hata ikiwa kinachopita juu ya paa hilo ni chombo cha wapelelezi.

Kuandama. Kiswahili kilikuwa na kitenzi cha kazi inayofanana na hii kabla ya setilaiti kuwapo. *Kuandama* ni kufuata, na pia ni kuonekana kwa mwezi mwandamo: *mwezi umeandama*. Jamii za pwani zina mazoea ya miaka mingi ya kuuliza, kabla ya kufunga au kufungua Ramadhani: nani ameuona, akiwa wapi, saa ngapi, na ni nani mwingine aliyeuona? Taarifa ya mfuatiliaji wa setilaiti ina sharti lilelile. Isiyo na mahali, saa na shahidi haiwi kipimo. Inabaki kuwa uvumi.

2. Kinachopimwa hasa

Ili kuchagua kitenzi sahihi, mwandishi anahitaji kujua mfuatiliaji ameona nini na amekisia nini.

Mfuatiliaji haoni obiti. Anachokiona ni nukta ya mwanga inayokatiza kati ya nyota baada ya jua kutua au kabla halijachomoza, wakati ardhi imo gizani na chombo kilicho juu kingali kikimulikwa na jua. Anaandika mahali nukta ilipopita na saa ilipopita, kwa usahihi wa sehemu ya sekunde. Mwenye redio husikiliza mlio wa chombo: unakuwa wa juu kidogo kinapokaribia na kushuka kinapokwenda zake, na kasi ya kushuka kwake hudokeza umbali na mwendo. Kutokana na vipimo kadhaa vya namna hiyo hupigwa hesabu, na obiti huandikwa kwa mistari miwili ya tarakimu, kila mmoja wenye nafasi 69: humo mna mwinamo, urefu wa mbenuko wa njia, idadi ya mizunguko kwa siku na mengineyo. Jeshi la Marekani huchapisha mistari hiyo kwa maelfu ya vyombo, lakini huiacha ya vyombo vyake vya siri. Pengo hilo ndilo wafuatiliaji wa ridhaa wamejitwika kulijaza.

Vitenzi viwili vya kawaida kabisa ndivyo nguzo ya kazi hii: *kuwahi* na *kuchelewa*. Chombo kilicho chini humaliza mzunguko kwa muda mfupi kuliko kilicho juu. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilicho kilomita 400 hivi kutoka ardhini, huzunguka dunia kwa dakika 93 hivi. Setilaiti za matangazo ya televisheni zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta huchukua saa 23 na dakika 56. Kwa hiyo chombo cha chini kikiwahi kuliko kilivyokadiriwa, kimeshuka. Kikichelewa, kiko juu kuliko ilivyodhaniwa.

Hapa ndipo maumbile na mkono wa mtu vinapotengana. Hewa nyembamba ya huko juu hukikwaza chombo na kukishusha kidogo kidogo, haikipandishi. Kuwahi kwa sekunde chache, basi, kunaweza kuwa kazi ya hewa. Kuchelewa kwa sekunde chache kunaweza kumaanisha tu kwamba hewa ilikuwa nyepesi kuliko makadirio. Lakini chombo cha obiti ya chini kikichelewa kwa dakika kadhaa, na vipimo vya siku zinazofuata vikathibitisha kwamba obiti yake yote imepanda, mfuatiliaji ana haki ya kusema kuwa injini imewashwa. Ameitoa hukumu hiyo kwa saa, bila kuiona injini yenyewe.

3. Kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa

Kila mzazi anaijua tofauti hii. Mtoto huja na kusema, *kikombe kimevunjika*. Mama huuliza, *kimevunjika, au umekivunja?* Mtoto hakusema uongo. Kikombe kweli kimevunjika. Alichofanya ni kuchagua kauli isiyodai mtendaji.

Kauli ya kutendeka, yenye kiambishi *-ik-* au *-ek-*, hutaja hali iliyokipata kitu bila kusema kuna aliyeisababisha: *badilika, vunjika, onekana, julikana*. Vitenzi kama *shuka*, *anguka* na *inuka*, ingawa havikuundwa vyote kwa njia hiyohiyo, hufanya kazi hiyohiyo katika muktadha huu. Kauli ya kutendwa, yenye *-w-*, hudai mtendaji hata asipotajwa: *badilishwa, vunjwa, shushwa, inuliwa*. Msikilizaji akisikia *obiti imebadilishwa*, swali linalomjia ni *na nani?* Akisikia *obiti imebadilika*, swali ni *kwa nini?* Maswali hayo mawili hayalingani uzito.

Mtendaji wa kauli ya kutendwa si lazima awe mtu. *Setilaiti imeshushwa na hewa* ni sentensi sahihi. Kinachopotosha ni kuiacha kauli ya kutendwa peke yake, kwani *imeshushwa*, bila *na hewa*, humwelekeza msomaji kwa binadamu.

Februari 2022 hutoa mfano ulio wazi. Setilaiti 49 za Starlink zilirushwa tarehe 3 ya mwezi huo, na dhoruba ya sumaku iliyotokana na jua ikaifanya hewa ya juu itanuke na kuwa nzito zaidi katika kimo chao. Takriban 40 hazikuweza kupanda, zikarudi na kuungua. Hizo *zilianguka*, au ukipenda, *ziliangushwa na hewa*. Linganisha na USA-193, setilaiti ya siri ya Marekani ambayo wafuatiliaji wa ridhaa waliishuhudia ikishuka kwa miezi mingi. Februari 2008 ilipigwa kwa kombora lililorushwa kutoka melini. Hadi siku hiyo ilikuwa *ikishuka*. Siku hiyo *ilitunguliwa*. Kiswahili kina *kutungua* kwa kitu kinacholengwa na kuletwa chini, embe au ndege ya kivita, na hakuna sababu ya kukwepa neno hilo mahali linapostahili.

Kituo cha Kimataifa cha Anga huonyesha kauli zote mbili zikifanya kazi kwa zamu. Kila siku *kinashuka* kwa sababu ya hewa; kila baada ya muda *kinainuliwa* kwa injini. Anayeandika kwamba kituo *kinapanda na kushuka* ameifuta tofauti iliyo muhimu kuliko zote.

Ipo pia hali ya tatu, *kuhama*. Kitenzi hiki hudokeza utashi wa anayehama: watu huhama, ndege huhama. *Setilaiti imehama obiti* huifanya setilaiti kuwa mtendaji. Matumizi haya yanakubalika kwa ufupi wa lugha, mradi imethibitika kwamba injini imewashwa. Anayetaka kuwataja waendeshaji aseme *imehamishwa*, na tendo lenyewe aliite *uhamishaji wa obiti* au *urekebishaji wa obiti*. Neno *luteka*, ambalo baadhi ya wafasiri hulichukua kwa sababu limezoeleka katika habari za kijeshi, lina maana ya mazoezi ya vita, na likitumiwa hapa huzusha uadui usiokuwapo.

Mabaharia wa majahazi wangeielewa tofauti hii bila mafunzo. Chombo kinachochukuliwa na mkondo na chombo kinachobisha dhidi ya upepo vyote viwili vinasogea, lakini cha pili kina mtu kwenye usukani. Kwa anayekitazama kutoka ufukweni, dalili ni moja: chombo kinachokwenda upande ambao upepo na mkondo visingekipeleka, kinaongozwa.

4. Kutoonekana, kupotea, kunyamaza

Kitenzi *onekana* katika ukanushi huhitaji uangalifu wa pekee. *Haikuonekana* ni ripoti ya mtazamaji. *Haipo* ni dai juu ya ulimwengu. Kati ya mawili hayo pana nafasi kubwa ya kukosea.

Chombo kisicho na rubani cha X-37B kilirushwa na Marekani mara ya kwanza tarehe 22 Aprili 2010, na obiti yake haikutangazwa. Wafuatiliaji wa ridhaa walikipata mwezi uliofuata. Mwishoni mwa Julai hakikupita mahali walipokitarajia. Wakati huo sentensi ya haki ilikuwa *chombo hakikuonekana saa iliyokadiriwa*. Haikufaa kuandika kwamba *kimerudi duniani*, wala *kimetoweka*. Katikati ya Agosti kilionekana tena, kikiwa katika obiti tofauti, na hapo tu ndipo *kimehamishwa* lilipopata ushahidi wake.

Kisa cha setilaiti ya IMAGE kinafundisha zaidi. Ilirushwa na NASA Machi 2000 ili kuchunguza uga wa sumaku wa dunia. Desemba 2005 mawasiliano yakakatika, na baadaye ikatangazwa kuwa kazi yake imekwisha. Katika lugha ya kawaida, chombo cha namna hiyo huitwa *setilaiti iliyokufa*. Januari 2018 mfuatiliaji wa ridhaa wa Canada, Scott Tilley, akitafuta kwa redio setilaiti nyingine ya siri iliyokuwa imerushwa mwezi huohuo, alikuta mlio asioutarajia. Alipoulinganisha na orodha ya obiti, ukawa ni wa IMAGE. NASA ilithibitisha kabla ya mwezi kwisha. Aliyeandika mwaka 2005 kwamba *imekufa* alilazimika kusahihishwa. Aliyeandika kwamba *imenyamaza* aliendelea kuwa mkweli kwa muda wote huo. Kwa hiyo kwa chombo ambacho mawasiliano yake yamekatika tunapendekeza *kimenyamaza*, na *kufa* kuachiwe hali iliyothibitishwa.

5. Kugongana na kugongwa

Tarehe 10 Februari 2009, kilomita 790 hivi juu ya Siberia, Iridium 33 ya Marekani iliyokuwa ikifanya kazi na Kosmos 2251 ya Urusi iliyokuwa haiendeshwi tena zilikutana kwa kasi ya zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde. Kauli ya kutendana, *ziligongana*, huzigawia pande zote mbili tendo sawasawa. *Iridium iligongwa na Kosmos* huifanya Kosmos kuwa mkosaji, ilhali haikuwa na uwezo wa kukwepa. *Kosmos iligongwa na Iridium* hudokeza kwamba Iridium ingaliweza kukwepa na haikukwepa.

Chaguo hilo linagusa sheria. Mkataba wa 1972 kuhusu dhima ya madhara yanayosababishwa na vyombo vya anga unasema kwamba madhara yanapotokea angani, nchi hulipa tu ikiwa kosa ni lake. Mwandishi anayeandika *iligongwa* ametoa hukumu ambayo mkataba ungehitaji ushahidi ili kuifikia.

6. Kuanguka

Kwa kitu kinachoanguka ardhini, mkataba huohuo unasema jambo tofauti: nchi iliyokirusha hubeba dhima hata bila kosa. Hapa swali halimhusu aliyekiangusha. Linalotafutwa ni chombo hicho ni cha nani. Tarehe 24 Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954, iliyokuwa na kinu cha nyuklia, iliangukia kaskazini-magharibi mwa Canada. Canada ilidai zaidi ya dola milioni 6 za nchi hiyo, na mwaka 1981 Umoja wa Kisovieti ukakubali kulipa milioni 3. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba *iliangushwa*. Ilitosha kwamba *ilianguka*, na kwamba mwenyewe alijulikana.

Habari ya namna hii imetufikia nyumbani. Tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya chuma, yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi, ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa uchunguzi wa awali ulionyesha ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Mara moja wafuatiliaji wa nchi mbalimbali walianza kupekua orodha za obiti, wakitafuta kipande gani kilikuwa juu ya Afrika Mashariki saa ile, na hawakukubaliana wote kwa haraka.

Mwandishi wa Kiswahili aliyeripoti tukio hilo alikuwa na vitenzi vitatu. *Imeanguka* kilikuwa sahihi. *Imeangushwa* kingedai nia ambayo hakuna aliyeionyesha. *Imedondoka* kingekuwa sahihi pia, ila kinapunguza ukubwa wa jambo: embe hudondoka, na kilo mia tano zinazoangukia karibu na makazi ya watu zinastahili kitenzi kizito zaidi. Kadhalika si halali kukiita kipande cha chombo *kimondo*. Kimondo ni jiwe la angani lisilo na mwenyewe, kama lile la Mbozi nchini Tanzania. Anayekiita kipande cha roketi kimondo ameifuta nchi iliyokirusha na, pamoja nayo, haki ya mwanakijiji kudai fidia.

7. Kukadiria, kutabiri, kubashiri

*Kutabiri* limezoeleka katika *utabiri wa hali ya hewa* na si kosa. Hata hivyo, kwa saa ya kuanguka kwa chombo tunapendekeza *kukadiria*, kwa sababu kitenzi hiki hubeba ndani yake wazo la kipimo chenye mwanya wa kukosea. Mwanya huo si mdogo. Chombo cha obiti ya chini huenda kilomita 7 na zaidi kwa sekunde. Makadirio yakikosea kwa dakika 10 tu, chombo kimekwisha kuivuka Afrika kwenye ikweta, kutoka pwani ya Gabon hadi pwani ya Somalia. Kwa hiyo *itaanguka Kenya saa tatu usiku* ni sentensi ambayo hakuna mfuatiliaji makini angeitia sahihi. Aandike: *inakadiriwa kuanguka kati ya saa moja na saa tano usiku, mahali popote kwenye njia yake*.

8. Pale kauli ya kutendwa inapokuwa wajibu

Yote yaliyotangulia yanaweza kumfanya msomaji adhani kwamba kauli ya kutendeka ndiyo salama daima. Sivyo. Mtoto wa kikombe anatukumbusha kwamba kauli hiyo ni maficho pia. Serikali inayohamisha chombo chake kwa siri hufurahia kusoma kwamba *obiti imebadilika*. Ushahidi ukiwa umepatikana, kuendelea kuandika hivyo ni kumfichia mtendaji.

Mwaka 1966 mwalimu wa fizikia wa Kettering, Uingereza, Geoffrey Perry, na wanafunzi wake waligundua kwa redio na hesabu kwamba Kosmos 112 ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 72 hivi, usiolingana na wa setilaiti zilizozoeleka kutoka Baikonur. Walipoilinganisha na chombo kingine kilichofuata, njia zilielekeza eneo la Plesetsk, kaskazini mwa Urusi, kwenye kituo ambacho Moscow haikuwa imekitangaza. Umoja wa Kisovieti ulikikiri hadharani mwaka 1983. Vipimo vya Perry havikuwa vya kusema *imetokea kwingine*. Vilisema *imerushwa kutoka kwingine*, na ile *-w-* ilikuwa imelipiwa kwa usiku mwingi wa kusikiliza.

Kanuni, basi, ni moja: kauli ya kutendeka kwa kilichoonekana, kauli ya kutendwa kwa kilichothibitishwa.

Mwongozo mfupi wa matumizi

- *Setilaiti imewahi / imechelewa*: ni kipimo cha saa tu, hakidai sababu.
- *Obiti imebadilika*: tofauti imethibitika, sababu haijajulikana.
- *Obiti imebadilishwa. Setilaiti imehamishwa*: injini imewashwa, na upo ushahidi.
- *Imeshuka*: kwa hewa. *Imeshushwa*: itajwe na nani au na nini.
- *Imeinuliwa*: kwa setilaiti za chini, baada ya vipimo vya siku kadhaa.
- *Haikuonekana*: mtazamaji hakuiona. *Imepotea*: imetafutwa na wengi bila kupatikana. *Haipo*: kuanguka au kuungua kwake kumethibitishwa.
- *Imenyamaza*: mawasiliano yamekatika. *Imekufa*: imethibitika kuwa haiwezi kufanya kazi tena.
- *Zimegongana*: kosa halijaamuliwa. *Imegongwa na*: kosa limeamuliwa.
- *Imeanguka*: imefika ardhini. *Imeungua*: haikufika. *Imetunguliwa*: imelengwa na kupigwa.
- *Inakadiriwa kuanguka*: daima pamoja na mwanya wa saa, *itaanguka*, pamoja na saa moja tu, iepukwe.